Mkono Unaopima: Idhini na Amana katika Historia ya Utafiti wa Mwili wa Mwanadamu, Karagwe na Kyerwa

  

Mwezi wa Shaabani mwaka 1446 (Februari 2025) tulipokea barua kutoka kwa imamu wa msikiti mmoja wa kijijini wilayani Kyerwa. Aliandika kuwa vijana wanne, wawili kati yao wenyeji wa wilaya hiyo hiyo, wamefika kijijini wakiongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Wanajifunza kazi ya utafiti wa malaria. Wanaingia nyumba hadi nyumba, wanaandika majina na umri, wanapima urefu na uzito wa watoto, kisha wanatoboa ncha ya kidole na kuchukua matone machache ya damu. Baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja alisimama akasema damu hiyo inakwenda kuuzwa. Mwingine akasema huenda ndio Marburg yenyewe inayoletwa. Tukumbuke kuwa ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa Biharamulo, katika mkoa huo huo wa Kagera, tarehe 20 Januari, na watu kumi walikwisha kufa au walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kabla haujatangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Hofu ilikuwa na mahali pa kukaa.

Imamu aliuliza mambo matatu. Je, inajuzu kutoa damu ile? Je, mzazi anaweza kumtolea idhini mtoto wake? Na kwa kuwa Ramadhani imekaribia, je, kutobolewa kidole kunamfunguza aliyefunga?

Swali la tatu tulilijibu siku ile ile kwa simu. Jamhuri ya wanazuoni, nao ni Mahanafi, Malik na Shafii, wanasema hata kuumikwa hakumfunguzi mtu. Imamu Ahmad amesema kuumikwa kunafunguza, lakini tone la kidoleni si kuumikwa, na wengi wa wanaoifuata kauli hiyo katika zama zetu wameisamehe damu kidogo ya kipimo. Aliyefunga na aendelee na saumu yake.

Mawili ya kwanza hatukuweza kuyajibu kwa simu. Tuliona si insafu kuwajibu wazee wale kwa dalili za vitabu tu, ilhali hofu yao ina historia, na historia hiyo imepita katika ardhi yao wenyewe. Ndugu msomaji atuvumilie basi tuitazame kwanza.

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka mwaka 2012 ilipofanywa wilaya ya peke yake, na kabla ya wakoloni yote hiyo ilikuwa dola moja ya Abanyambo, makao yake Bweranyange. Mwezi Novemba 1861 aliingia huko Mwingereza John Hanning Speke akitafuta chimbuko la mto Nile. Omukama Rumanyika alimpokea vizuri, tena, kwa maneno ya Speke mwenyewe, alimsalimia kwa Kiswahili safi. Jambo hili lisitushangaze. Wafanyabiashara kutoka pwani na Unyanyembe walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na kasri, na lugha yetu ilifika huko mapema kuliko vyeo vya kizungu.

Katika nyumba ya kifalme Speke aliona wanawake waliokuwa wakinyweshwa maziwa kwa wingi mpaka wakanenepa mno, kwani kwao hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya uzuri na heshima. Akatamani kumpima mmoja wao, shemeji wa mfalme. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 kinaeleza jinsi alivyoafikiana naye: yule mama amruhusu ampime, na yeye amwonyeshe mikono na miguu yake iliyo wazi, kwa kuwa mama naye alikuwa na hamu ya kuiona ngozi ya mzungu. Wakakubaliana. Speke akatoa utepe wake akaandika: mkono, duara lake, kiasi cha sentimita 58, kifua 132, paja 79, muundi 51. Urefu aliandika kama sentimita 173, lakini akakiri kuwa kipimo hicho hakikuwa sahihi, na kwamba kingekuwa bora kama angeweza kumlaza chini. Mama yule alisimama kwa taabu kubwa, damu ikamzidi kichwani, akaanguka chini karibu na kuzimia.

Kwa elimu yetu, hiki ndicho kipimo cha kwanza cha mwili wa mwanadamu kilichoandikwa Karagwe. Tumekitazama mara nyingi. Kwa upande wa sheria kina aibu iliyo wazi: mwanamume ajnabi anapima paja la mwanamke kwa udadisi tu, bila ugonjwa wala dharura. Hakuna mwanazuoni atakayelihalalisha. Lakini kina mambo mawili ambayo waliokuja baada yake waliyapoteza. La kwanza, mama yule aliulizwa, naye akakubali kwa makubaliano. La pili, mpimaji aliandika kasoro ya kipimo chake pamoja na kipimo chenyewe. Mtu anaweza kuwa na adabu mbaya akawa mkweli wa kalamu, na historia inatulazimu kuyaandika yote mawili.

Tukiangalia upande wa ufundi, Speke alikosea urefu kwa sababu hakuwa na kifaa wala mafunzo. Leo kijana anayejifunza kazi hii hufundishwa kuwa mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa juu ya ubao, aliyezidi hapo husimama, visigino vikigusa ubao na macho yakitazama mbele sawasawa. Wapimaji ni wawili, mmoja anamshika mtoto na mwingine anasoma, na kipimo hurudiwa. Hata ule utepe wa mkono aliotumia Speke bado upo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 unazungushwa katikati ya mkono wa juu, na duara likiwa chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali, apelekwe hospitali bila kungoja. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni nia na mkono unaokishika.

Wapo wanaodhani kuwa kujua mwili kwa kushika na kupima ni elimu iliyotoka Ulaya. La hasha. Mwaka 597 na 598 Hijria (1200 hadi 1202) Misri ilipatwa na njaa kubwa, watu wakafa kwa maelfu. Abdullatif al-Baghdadi, aliyekuwa mwanachuoni wa lugha na hadithi kabla ya kuwa tabibu, alisikia kuwa mahali paitwapo al-Maqs pana kilima cha mifupa ya wafu. Alikwenda na wanafunzi wake. Vitabu vyote vya utabibu wakati huo vilifuata kauli ya Galen wa Wayunani kuwa taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Al-Baghdadi alishika taya moja, akashika jingine, akawataka wenzake nao washike, mpaka walipotazama mafuvu yaliyozidi elfu mbili. Yote taya lake lilikuwa mfupa mmoja. Akaandika katika kitabu chake juu ya Misri kuwa Galen, pamoja na ukubwa wa elimu yake, hapa amekosea, na kwamba lile linaloshuhudiwa na hisia lina haki zaidi ya kusadikiwa.

Tazama adabu yake. Hakufukua kaburi wala hakuvunja mfupa, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Alitazama kilichokuwa kimeachwa wazi. Tena hakutosheka na taya moja. Kabla yake karne tatu, ar-Razi naye alikwisha kueleza kuwa aliwaumika damu baadhi ya wagonjwa wa homa ya ubongo na kuwaacha wengine makusudi bila kuwaumika, apate kujua kama kuumika ndiko kulikowaponya. Wanafunzi wetu wa madrasa wanaosoma majina haya kwa fahari tu, bila kujua walifanya nini kwa mikono yao, wamechukua ganda wakaacha tunda.

Turudi Kagera. Ili kuielewa hofu ya wazee wa Kyerwa itatubidi tuvuke kidogo kuelekea mashariki hadi Kiziba, ambayo leo iko Missenyi, kisha tuingie ziwani hadi visiwa vya Sese upande wa Uganda. Habari za huko zilisafiri na watu kwa njia za biashara na vibarua, na nchi hizi ni majirani.

Mwaka 1897 tabibu wa Kijerumani Max Zupitza alitumwa Kiziba kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiua watu kwa kuvimba mitoki. Vielelezo alivyochukua vilifika kwa Robert Koch aliyekuwa Dar es Salaam, naye akathibitisha kuwa ni tauni. Watu wa Kiziba walikuwa wakijua tangu zamani kuwa panya wakianza kufa ndani ya nyumba, wenyewe wahame. Elimu ile ya wakulima wa migomba ilikuwa sahihi mbele ya wataalamu wengi wa wakati ule, na Koch mwenyewe aliinukuu.

Miaka tisa baadaye Koch alirudi, safari hii kwa ajili ya malale. Agosti 1906 alipiga kambi visiwani Sese kwa ruhusa ya Waingereza, akakaa zaidi ya mwaka. Ugonjwa ule ulikuwa umekwisha kufuta vijiji vizima kando ya ziwa. Dawa aliyoitumia iliitwa Atoxyl, nayo imetengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Wagonjwa zaidi ya elfu moja walidungwa. Mwanzoni wengi walipata nafuu, vimelea vikatoweka katika damu, kisha vikarejea. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Matokeo yake wagonjwa 22 walipofuka macho, na macho yale hayakufunguka tena. Alirudisha kipimo chini na akaandika habari hiyo katika ripoti zake. Lakini hakuna popote tunaposoma kuwa wale 22 waliambiwa kabla kuwa dozi imeongezwa ili kuona itakuwaje.

Mwaka 1907 kambi nyingine ilifunguliwa Kigarama, Kiziba, chini ya tabibu Robert Kudicke na kwa kukubaliana na Mukama Mutahangarwa. Hapa ndipo tunapokutana na watu ambao vitabu vya historia huwapita haraka, nasi tungependa kukaa nao kidogo. Wajerumani waliwaita kwa neno lenye maana ya wapapasa-tezi. Walikuwa vijana wa Kihaya waliofundishwa kazi moja ya mikono: kupapasa shingo ya mtu, nyuma na pembeni, kutafuta tezi zilizovimba. Dalili hiyo ilijulikana zamani. Tabibu Thomas Winterbottom aliiandika mwaka 1803 kutoka Sierra Leone, na alisema kuwa wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wakiijua, wakikataa kumnunua mwenye uvimbe huo. Wapapasa-tezi walizunguka kijiji hadi kijiji. Waliyemshuku alipelekwa kambini, tabibu akaichoma tezi kwa sindano, akavuta maji yake na kuyatazama kwa hadubini kama yana kimelea.

Kupapasa tezi si jambo la kubahatisha. Ncha za vidole lazima zijifunze tofauti kati ya tezi ya malale, iliyo laini na inayoteleza chini ya ngozi, na tezi ya kidonda cha kichwa cha mtoto. Vijana wale waliijua tofauti hiyo kwa kushika mamia ya shingo. Kwa maana hiyo walikuwa watafiti wa kwanza wenyeji katika upande huu wa nchi, ingawa majina yao hayakuwekwa juu ya ripoti yoyote. Lakini tazama walivyowekwa: mkono wao uliopima ndio ule ule uliopeleka watu kambini. Mtu aliyepapaswa leo, kesho yuko mbali na shamba lake na watoto wake, akidungwa sindano inayouma na ambayo wajuzi walikuwa wamesikia imepofusha watu Sese. Si ajabu wengi waliondoka kambini kabla ya dawa kwisha, na wengine wakajifunza kujificha mapema. Mpapasa-tezi alikuwa jirani, kisha akawa mtu wa serikali.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kwa maana ya hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kuwa na elimu hiyo basi ni mdhamini, yaani analipa alichoharibu. Mafakihi wakaongeza: hata mwenye elimu, akivuka mpaka wa idhini aliyopewa, naye ni mdhamini. Kwa kanuni hizi mbili tunaweza kuihukumu kambi ya Sese bila kuhitaji chuki wala siasa. Elimu ilikuwepo. Idhini ya kuongeza dozi haikuwepo.

Kuanzia hapo turuke miaka themanini. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, akiwemo Japheth Killewo, pamoja na wenzao wa Umeå, Sweden, walifanya uchunguzi wa damu katika kaya za mkoa mzima. Kwa watu wazima walikuta maambukizi ni asilimia 24.2 Bukoba mjini, asilimia 10 Bukoba vijijini na Muleba, asilimia 4.5 Karagwe, na chini ya asilimia moja Ngara na Biharamulo. Kabla ya namba hizo kila mtu alikuwa na kauli yake. Kuna aliyesema ni uchawi, kuna aliyesema ni adhabu ya wafanya magendo. Namba zilionyesha kuwa ugonjwa unafuata njia na masoko, na kwamba Karagwe bado kulikuwa na nafasi ya kuuzuia.

Kisha, kati ya 1991 na 1994, kaya 915 za mkoa wa Kagera, Karagwe ikiwemo, zilitembelewa mara kadhaa na vijana wa Kitanzania waliofundishwa kuhoji na kupima. Walibeba mizani na ubao wa urefu juu ya pikipiki na magari katika barabara za tope. Mwaka 2004 na 2010 watu wale wale walitafutwa tena, wengine wakakutwa Mwanza, Dar es Salaam na hata Uganda, na zaidi ya tisa katika kila kaya kumi zilipatikana. Kutokana na kazi hiyo, watoto 718 ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili walifuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Asilimia 19 kati yao walifiwa na mzazi kabla ya kufika miaka 15. Waliofiwa na mama walipoteza kwa wastani mwaka mmoja wa shule na sentimita mbili za urefu wao wa utu uzima.

Sentimita mbili! Sisi tumehutubia juu ya yatima maisha yetu yote, wala haikutupitikia kuwa uyatima unaweza kusomwa kwenye ubao wa mbao. Mpimaji aliyesoma vibaya ubao kwa sentimita mbili, kwa uvivu au kwa haraka ya kwenda chakula, angeifuta habari hiyo yote asijue. Ndiyo maana ya mafunzo ya mkono.

Sasa tufike kwenye malaria, ambayo ndiyo iliyowaleta vijana wale msikitini kwa imamu wetu. Wasomaji wa umri wetu wanakumbuka klorokwini na mwasho wake. Iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikafuata SP, nayo mwaka 2006 ikaachia nafasi dawa ya mseto, ambayo nguvu yake kuu ni artemisinini iliyotolewa katika mmea wa Kichina. Dawa hiyo ndiyo tunayoitegemea mpaka leo. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa nchini Rwanda vimelea vimepata mabadiliko katika jeni, yanayojulikana kwa alama R561H, yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Karagwe na Kyerwa zinatenganishwa na Rwanda na mto Kagera tu, na kimelea hakiulizwi pasipoti.

Katika sampuli zilizokusanywa mwaka 2021, mabadiliko hayo yalionekana Kagera, na Karagwe ndiko yalikozidi: zaidi ya sampuli moja katika kila tano. Mwaka 2022 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kazi ikiongozwa na Deus Ishengoma, iliwafuatilia watoto 176 wa Karagwe waliougua malaria, wakatibiwa kwa dawa za mseto za aina mbili. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalikuwa na habari mbili. Njema ni kuwa karibu watoto wote walipona. Ya kutisha ni kuwa kwa baadhi yao siku ya tatu vimelea bado vilionekana katika damu, na wengi wa hao vimelea vyao vilikuwa na alama ile. Mwaka 2023 kazi ikaendelea katika vijiji vya Kyerwa, kwa wagonjwa na kwa wasio na dalili yoyote, maana mtu anaweza kutembea na vimelea mwilini huku akienda shambani.

Kazi yenyewe inavyofundishwa tuliiona kwa macho, kwa kuwa kijana mmoja aliyesoma kwetu sasa ni msaidizi wa maabara. Kidole ni kile cha pete, tena ubavuni mwa ncha, si katikati, kwani katikati panauma zaidi. Tone la kwanza hufutwa. Anayeanza aghlabu hulikamua kidole kwa nguvu, na hilo ni kosa, maana maji ya mwilini huchanganyika na damu. Kwenye kioo hutengenezwa damu nzito na damu nyepesi. Matone mengine huwekwa juu ya karatasi maalumu yakakauka, kwa ajili ya uchunguzi wa jeni. Kioo kikishatiwa rangi, msomaji huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200. Kila kioo husomwa na watu wawili, mmoja asijue alichoandika mwenzake. Wakitofautiana sana, wa tatu huitwa.

Tulipoelezwa hayo tulicheka kwa furaha. Wanazuoni wa hadithi hawampokei mpokezi mpaka wamjue kwa mambo mawili: uadilifu wake na uhifadhi wake. Mwadilifu asiyehifadhi vizuri huachwa, na hodari asiye mkweli huachwa vile vile. Namba iliyoandikwa kwenye kioo, kwenye karatasi ya damu na kwenye daftari ndiyo isnadi yake. Ikikatika mahali pamoja, damu ile haina habari tena, hata ikichunguzwa kwa mashine ya mamilioni. Kijana wetu alituambia kuwa katika mafunzo aliwahi kubadilisha namba za vioo viwili kwa bahati mbaya. Msimamizi wake aliviondoa vyote viwili katika hesabu na akamrudisha kuanza upya. Tulimwambia kuwa Yahya bin Main angefanya vivyo hivyo.

Sasa kwenye hukumu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba Jeddah, Mei 1992, azimio namba 67, iliweka kuwa utafiti wa kitabibu hauna budi kupata ridhaa ya mtu mwenye akili timamu na umri kamili, ridhaa isiyo na kulazimishwa kama kwa mfungwa, wala kushawishiwa kwa mali kama kwa masikini, na usilete madhara. Kwa asiye na uwezo kamili wa kisheria, kama mtoto, azimio lilikataza utafiti hata kama walii wake ameridhia. Mwaka 2006, katika kikao cha Amman, Majmaa ilirudi tena kwenye suala hili na kuweka vidhibiti vipana vya utafiti wa tiba kwa binadamu.

Anayelichukua katazo la 1992 kwa dhahiri yake atasema mtoto wa Karagwe asitobolewe kidole kabisa. Lakini malaria huua watoto kwanza. Dawa isipopimwa kwa watoto hatutajua imedhoofika mpaka makaburi yatuambie. Sisi tunaona, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kuwa lililokatazwa ni kumfanya mtoto chombo cha kumjaribia kitu kwa faida ya wengine. Ama mtoto mgonjwa anayepewa dawa iliyokwisha kukubaliwa, kisha akapimwa kila siku kwa uangalifu kuliko mtoto yeyote wa kijijini, huyo anatibiwa, na walii ana mamlaka ya kumtibu. Mtoto mzima anayetobolewa kidole mara moja, akikutwa na vimelea apewe dawa hapo hapo, naye amepata manufaa, na maumivu yake ni ya dakika moja. Walii hufanya kwa mtoto lile lenye maslaha kwake, kama katika mali ya yatima. Likikosekana maslaha ya mtoto mwenyewe, au hatari ikizidi tone la damu, hapo katazo linarudi palepale na wala idhini ya baba haifai kitu.

Kilichotushughulisha zaidi katika barua ya imamu ni yule mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akisimama mlangoni, mama wa kijijini ambaye mumewe yuko safarini atawezaje kusema hapana? Hiyo ni ridhaa iliyotiwa doa, hata kama hakuna aliyetishwa. Wapapasa-tezi wa Kiziba nao waliletwa na wakubwa. Tulimwandikia imamu kuwa mwenyekiti awatambulishe wageni mkutanoni kisha aende zake. Mwenye nyumba aelezwe kwa lugha anayoielewa, aambiwe damu inakwenda wapi na itafanywa nini, na ajue kuwa akikataa hatanyimwa dawa zahanatini. Sabuni au sukari ya kufidia muda wa mtu haina ubaya ikiwa kidogo. Ikifika kiasi cha kumfanya masikini auze kidole cha mwanawe, imekuwa ushawishi. Wanawake wazima wapimwe na wanawake. Majibu ya mtu ni amana, hayasemwi barazani, na msaidizi anayeyatoa nje amevunja amana hata kama ni ya jirani yake mpendwa.

Na damu je, inauzwa? Tulimwambia imamu asiwakemee wazee. Wana haki ya kuuliza swali hilo kwa vijana wenyewe, na vijana wana wajibu wa kulijibu wakiwa wamesimama.

Jibu la imamu lilitufikia baada ya wiki mbili, Ramadhani ikiwa imekwisha kuandama. Aliwaita vijana wale kabla ya sala ya Alasiri, wakaeleza kazi yao kwa Kinyambo mbele ya watu, nje ya msikiti chini ya mti. Mmoja wao alionyesha karatasi ya damu iliyokauka, yenye namba bila jina. Yule mzee wa Ijumaa aliuliza mara tatu kama karatasi ile inaweza kurudi kwake akiitaka. Akaambiwa kuwa mpaka itakapotiwa katika uchunguzi, inaweza, nayo itachanwa mbele yake. Akasema atafikiri. Siku ya pili alikuja na wajukuu wawili, akatangulia yeye kunyoosha kidole, na akataka majibu yake aambiwe sikioni.